Mtani Aliyepewa Kigoda

2 Machi 1975, Jumapili

Daftari la zamani limejaa. Hili ni jipya, nimelinunua dukani karibu na stesheni ya Kidete, na tayari kona zake zimelowa. Kanisani leo tulikuwa watu kumi na wanane. Wengine wamezuiwa na tope.

Niandike kwanza mahali nilipo. Nilizaliwa tambarare ya Mikumi, upande ambao sasa ni wa nyati na twiga. Mwaka 1964 hifadhi ilipotangazwa tuliondoka, na ukoo wetu ukatawanyika: wengine Ruaha, wengine Ulanga. Mimi na dada yangu Fausta tulikuja Kilosa, Magomeni, nikafundisha huko hadi kustaafu. Oktoba iliyopita ikaja Operesheni Vijiji, na sisi tusio na ajira mjini tukapakiwa kuletwa huku bonde la Mkondoa, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Kidete. Kijiji kinaitwa Mshikamano. Upande wa juu wamekaa watu wa mlimani walioteremshwa na Operesheni hiyohiyo. Upande wa chini, watu waliotoka mashamba ya mkonge na makambi ya reli. Kisima ni kimoja.

Mwenyekiti, Ndugu Mwinshehe, ambaye zamani alikuwa na duka la mafuta ya taa, amenifanya karani wa kijiji. Anasema mwandiko wangu unasomeka hata na mtu mwenye hasira.

4 Machi

Mvua.

8 Machi

Tumeanza kujenga tuta la kuzuia mto usiingie shamba la pamoja. Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Tunapanga reli chakavu chini, kisha mawe, kisha udongo.

Mzee Nikolaus, mkubwa wa ukoo wa mlimani, alinikuta nimesimama na daftari. Alininyang'anya mwavuli bila salamu, akaufungua juu ya kichwa chake.

"Mwalimu Melkizedek! Tembo wa Mikumi wamekutumia salamu. Wanasema shamba lako wanalitunza vizuri kuliko wewe."

Watu wake wakacheka. Nilimwomba kwa adabu anirudishie mwavuli. Alinitazama kama mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba tupu, akaurudisha.

Ukoo wetu na wake ni watani tangu zamani. Nilipokuwa mtoto nilimwona baba yangu akiingia nyumba za watu wake, akibeba kuku na kuwaita nyani, nao wakimshukuru. Shuleni misheni tulifundishwa kwamba huo ni ushenzi wa kujifurahisha, nami nimewafundisha hivyo watoto wa watu kwa miaka thelathini na moja. Tena utani unataka koo mbili. Sisi tuliobaki hapa ni mimi na Fausta.

13 Machi

Mkuu wa mgambo ni Vitalis, miaka ishirini na minne, mtoto wa marehemu mkata mkonge na Mama Hildegarda. Ana filimbi shingoni na rungu mkononi. Anawahi kuliko wote, anaondoka mwisho. Nimempenda. Kijiji kinahitaji vijana kumi wa namna yake.

Kinyume chake ni Donati, mpwa wa Nikolaus. Kila asubuhi hutema mate viganjani mara tatu, huliuliza jembe lake kama limelala salama, huliwekea sikio asikie jibu, kisha hukaa chini. "Linasema lina homa." Hata mimi nilicheka leo, nikajificha nyuma ya daftari.

16 Machi

Mto umepanda futi mbili. Fausta ana homa, hajatoka kitandani.

17 Machi

Futi moja zaidi. Vitalis ameanza kuwagonga watu kwa ncha ya rungu mgongoni, "kuwakumbusha," anavyosema. Wanaogongwa ni wa mlimani. Nilimwambia Mwenyekiti. Akasema, "Mwalimu, mto ukivunja tuta utatukumbusha wote."

19 Machi

Saa nne asubuhi Donati alifanya mchezo wake na jembe. Vitalis alikuwa hajalala siku mbili. Macho yake mekundu.

"Simama."

"Ngoja, kamanda. Jembe bado linaongea."

Vitalis alimpiga rungu la bega. Sikuona kwamba alipiga kwa nguvu zote, na ninaandika hivi kwa sababu nitaulizwa. Donati aliteleza kwenye udongo mbichi, akaanguka kinyumenyume, kisogo kikagonga kichwa cha reli. Aliinuka akakaa. Alicheka kidogo. Kisha akaanza kutapika.

Tulimbeba kwa machela hadi stesheni tumpeleke hospitali ya Kilosa. Stesheni masta alikuwa amesimama nje bila kofia. Mto umeng'oa reli sehemu tatu kati yetu na Kilosa. Hakuna treni, wala hakuna anayejua itakuja lini.

20 Machi, Alhamisi

Donati amefariki alfajiri, kwenye benchi la abiria. Kaka yake, Timotheo, ndiye aliyemfumba macho.

Mwenyekiti amemfungia Vitalis kwenye ghala la mbegu, ufunguo ameuvaa shingoni. "Hapo ndani yuko salama zaidi kuliko mimi huku nje," ameniambia.

21 Machi

Mazishi. Nilivaa koti jeusi. Nilisimama pembeni kwa heshima, nikasoma Zaburi nilipoombwa, nikaenda kwa Nikolaus nikainama, nikamshika mkono kwa mikono miwili: "Pole sana, mzee wangu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

Nikolaus aliagiza kigoda. Kikaletwa, kikafutwa kwa kitambaa, nikaketishwa karibu na wazee. Nikashiba sifa ndani yangu, Mungu anisamehe: nilidhani hatimaye wameniona mtu mzima mwenye busara.

Kaburi lilichimbwa na vijana wa ukoo wenyewe, wakilia huku wakichimba. Jambo hilo lilinishangaza kidogo.

22 Machi

Fausta ameamka leo, amekunywa uji. Nikamsimulia mazishi. Nilipofika kwenye kigoda alikiweka chini kikombe.

"Amekupa nini?"

"Kigoda. Kilifutwa kabisa."

"Na wewe ukakaa?"

"Ningefanya nini, dada?"

"Ungeruka kaburini, Melki! Ungelala humo ukatae kutoka! Ungewaambia Donati alikuwa mvivu hata kufa amekufa Alhamisi ili Ijumaa asilime! Nani alichimba kaburi?"

"Wenyewe."

Aliziba uso kwa khanga. Nilidhani anacheka.

Kisha akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Zamani babu zetu na babu zao waliuana kwa ajili ya kivuko cha mto. Walipochoka waliapa: kila upande utazika maiti wa mwenzake, na damu ikimwagika kwao, sisi ndio wa kukaa katikati, ikimwagika kwetu, wao. Mtani akiketi mlangoni, silaha haivuki. Matusi ni alama tu kwamba kiapo kingali hai. Mtani anayekuja na koti na pole amekuja kama mgeni. Anasema: kati yetu na ninyi hakuna kitu tena.

"Nikolaus alikupa kigoda kukuuliza," alisema. "Ungekipiga teke, angejua umekuja. Ukakaa. Ukamjibu mbele ya ukoo mzima."

"Kwa hiyo sasa?"

"Sasa hakuna mtu mlangoni."

24 Machi

Watu wa mlimani hawakuja kwenye tuta. Hata mmoja.

25 Machi

Hawakuja. Mjumbe tuliyemtuma Kilosa kwa miguu amerudi, miguu imevimba. Polisi wanasema tumlinde mtuhumiwa hadi kiberenge, kile kigari cha reli, kiweze kupita. Ulinzi wetu ni mgambo watatu, bunduki moja na risasi nne. Mwenyekiti ameagiza bunduki isitoke ofisini. "Ikitoka," amesema, "tutazika wengi."

26 Machi

Kutoka upande wa juu tunasikia mawe ya kunolea. Hawajifichi. Wananoa mchana, uani, kila mtu akisikia.

27 Machi

Mawe ya kunolea.

29 Machi, Jumamosi

Niliamua kwenda kwa Nikolaus kuomba radhi. Niliandaa maneno usiku uliopita na kuyakariri. Nilibisha hodi, nikatoa shikamoo kwa mama yake mkongwe, nikasema kwamba nilikosea kwa kutojua mila, kwamba ninajuta, na kwamba ninaiheshimu sana familia yake.

Timotheo alikuwa amekaa mlangoni na panga mapajani. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu, umesema vizuri sana," Nikolaus alijibu. "Karibu chai."

Chai ikaja kwenye kikombe cha wageni, na sahani yake.

Fausta aliposikia aliketi chini. "Umeomba radhi kwa heshima? Kwa heshima tena? Melki, watu wanakuchoma na moto nawe unawapelekea kuni!"

"Basi niende nikamtukane?"

"Sasa ukimtukana bila sababu ni tusi tupu. Ungojee siku yenyewe."

"Siku gani?"

Alielekeza kidole upande wa juu, wanakonoa. Mvua ilikuwa nyingi, nikajifanya kwamba sikukiona.

30 Machi, Pasaka

Tumeimba. Timotheo hakuja kanisani.

1 Aprili

Nimemtembelea Vitalis ghalani kumpelekea ugali. Filimbi bado anayo, anaizungusha vidoleni. Nilimwuliza kama alikusudia.

"Nilikusudia anyanyuke," alisema. "Basi." Kisha: "Mwalimu, kila nikisinzia namsikia akilisalimia jembe."

Nilikuwa nimemdhania chuma. Na Nikolaus nilikuwa nimemdhania mchekeshaji. Miaka sitini na mitatu, vitabu makabati mawili, na sijui kusoma watu wawili walio mbele yangu.

2 Aprili

Naandika jioni, tope halijatoka kwenye kucha.

Saa sita mchana mvua ilikatika ghafla. Ndipo tukawasikia, kwa sababu walikuja kimya na kimya chao kilikuwa kikubwa. Wanaume kama thelathini kutoka upande wa juu, mapanga na mikuki, Timotheo mbele, Nikolaus nyuma yao. Upande wa chini nao wakatoka na mashoka na mitaimbo ya reli. Mwenyekiti alisimama katikati ya njia na ufunguo wake kifuani, mtu mnene, bila hata fimbo.

"Ndugu zangu," alisema, "sheria…"

"Mzee Mwinshehe, na wewe hatuna ugomvi," Timotheo alimwambia. "Toa ufunguo."

"Siutoi, mwanangu."

Fausta alinisukuma mgongoni kwa nguvu zake zote. Nikajikuta mbele ya mlango wa ghala. Nilifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa sauti ya darasani:

"Jamani, naomba tusikilizane."

"Mwalimu, ondoka," Timotheo alisema. "Leo hakuna darasa."

Alipiga hatua. Nilijaribu kukumbuka tusi lolote la baba yangu, hakuna lililokuja. Nina kitu kimoja tu maishani: nikitazama, ninakumbuka. Palikuwa na jembe limeegemezwa ukutani. Nikalichukua. Nikatema mate viganjani. Mara tatu.

Timotheo alisimama.

Nikaliuliza jembe kama limelala salama. Nililiuliza kwa sauti ya Donati, ile ya puani, ya kubembeleza, shingo imeinama kushoto. Nikaliwekea sikio. Nikasikiliza kwa muda mrefu. Kisha nikaketi chini, kwenye tope, mgongo umeegemea mlango wa ghala, na koti langu jeusi.

"Linasema lina homa," nikasema.

Kisha mtu mmoja nyuma alicheka, cheko lililomponyoka kama kikohozi, akaziba mdomo. Mwanamke wa kwao akapiga yowe: "Donati! Jamani, Donati wangu!" Na hapo matusi yakanijia, sijui kutoka wapi, yalikuja na sauti ya baba.

"Na ninyi nyani wa mlimani, mnakwenda kuua mtu na miguu michafu hivyo? Kwenu hakuna maji? Nikolaus! Mimi nilifukuzwa na tembo, mnyama mkubwa! Wewe umefukuzwa na karatasi! Mpwa wako alikuwa mvivu, kufa kwenyewe alifia kwenye benchi, hata kutafuta kitanda aliona kazi! Mnataka kupita? Piteni! Nikanyageni, mniue, halafu tuone nani atawazika, maana wenyewe mmechimba kaburi fupi, miguu ya marehemu imekunjwa kama ya panzi!"

Timotheo alikuwa amesimama juu yangu. Panga lilikuwa usawa wa uso wangu. Niliona mstari wa jiwe la kunolea kwenye makali yake. Midomo yake ilikuwa inafanya kitu ambacho si kucheka wala si kulia.

"Alikuwa anainamisha kulia," alisema. "Shingo. Si kushoto."

"Wewe unamjua kuliko jembe lake?"

Akaliangusha panga. Akachota tope kwa mikono miwili, akanipaka usoni, kichwani, mdomoni, akisugua, akisugua kwa uchungu hadi nikadhani atanivunja pua. Niliacha. Nikolaus akaja akauchomeka mkuki wake ardhini mbele yangu, akachuchumaa.

"Mwizi mkubwa wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Siku kumi na mbili tunakungoja."

"Si mngeniita?"

"Mtani haitwi, mjinga."

Waliketi wote hapohapo, kwenye tope, silaha nyuma ya migongo. Upande wa chini waliduwaa na mitaimbo yao. Mwenyekiti aliniuliza kwa kunong'ona, "Mwalimu, kikao hiki kimefunguliwa na nani?" Nikamwambia kimefunguliwa na Donati.

3 Aprili

Makubaliano, kama yalivyotamkwa. Vitalis hataguswa. Atakwenda mahakamani, na Timotheo atakwenda kusema alichokiona, na mimi pia, bila kupunguza wala kuongeza. Watu wa chini watarudia kaburi pamoja na sisi watani, walirefushe. Hadi Vitalis atakapokabidhiwa, hatasemeshana na Timotheo ila kupitia kwangu.

Mwenyekiti ameniomba niandike taarifa ya wilaya: "hali ilidhibitiwa na uongozi wa kijiji." Nimeandika. Nimemwambia pia kwamba alisimama njiani bila fimbo, na hilo sikuliandika kwa kuwa hakunituma.

4 Aprili

Kaburi limerudiwa. Mimi na Fausta tulilala ndani. Tulikataa kutoka hadi walipotulipa debe la maharage.

5 Aprili

Watu wa juu wamerudi kwenye tuta.

7 Aprili

Mto umeshuka kidogo. Hakuna jingine.

11 Aprili, Ijumaa

Stesheni masta ametuma habari: kiberenge kimepita, polisi wawili wako Kidete. Ila njia ya kuja kijijini imejaa maji, tuwapelekee mtu sisi wenyewe.

Tulitembea juu ya reli, saa moja na nusu. Timotheo kushoto, Vitalis kulia, mikono imefungwa kwa mbele, mimi katikati. Mgambo walibaki nyuma sana. Nadhani waliona haya.

"Mwambie anyanyue miguu," Timotheo alisema. "Atajikwaa tuchelewe."

"Anasema unyanyue miguu."

Tukaenda. Vitalis akasema, bila kugeuka:

"Mwambie sikukusudia afe."

"Anasema hakukusudia afe."

Nilihesabu nguzo za simu: moja, mbili, tatu, nne. Nilianza kutafuta mzaha wa kuwekea pengo lile, nikaona hapana.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Hakusema amesamehe, na mimi sikuongeza.

Stesheni, sajini mmoja mwenye koti la mvua alipokea jina la Vitalis, umri wake, na kosa. Kisha akanielekezea kalamu.

"Wewe mzee ni mgambo?"

"Hapana."

"Balozi wa nyumba kumi?"

"Hapana."

"Mhusika?"

Timotheo alijibu kwa niaba yangu: "Huyo ni mtani wetu tu, afande. Msimpe chai, hana adabu." Sajini alicheka, akaandika: raia mmoja.

Kiberenge kilipoondoka Vitalis alikaa ameupa mgongo upande tunakoishi. Tukarudi wawili. Timotheo aliendelea kutembea kushoto, mimi katikati, na kulia kwangu hapakuwa na mtu. Karibu na mahali reli inapopinda alikaa juu ya taruma, akajiinamia, akalia. Hakuwa amelia kaburini wala mbele ya ghala. Nilikaa karibu naye. Najua kwamba mtani angetakiwa kusema kitu. Sikuwa na kitu, nikakaa kimya, na safari hii hakuuona ukimya wangu kuwa heshima.

Alipomaliza alipenga kamasi, akainuka, tukaenda. Tulipokuwa tumebakiza kama robo saa alisema, macho mbele:

"Hildegarda."

"Mama yake Vitalis? Amefanya nini?"

"Tangu siku ile anachota maji mtoni. Yale mekundu, yenye mizoga. Anapita nyuma ya nyumba asikutane na mama yangu." Alitembea hatua kadhaa. "Mwambie kisima kiko palepale. Mwambie aje asubuhi, wakati mama yangu yupo."

"Nimwambie ni wewe umesema?"

"Mwambie tu."

Nimepita kwake moja kwa moja, kabla ya kufika kwangu. Alikuwa anachuja maji kwa kitambaa. Nikamwambia.